Hatua Tisa

Korongo la Haubi lilimeza ng'ombe wa baba,
likameza njia ya shule, likanyemelea jiko.
Kila msimu nilipima kwa miguu toka kizingitini:
ishirini, kumi na nne, tisa.

Sikitu ndiye aliyeanza, na debe la miche
aliyoiatamia chini ya mgomba wake mmoja.
Tulicheka. Kahawa, huku?
Hata mtama unatuomba radhi!

Tukachimba makinga maji hata hivyo,
kwa mawe, kwa samadi ya kuazima.
Miche arobaini ikafa.
Tukanyamaza, tukapanda tena.

Leo nimechuma kikombe cha buni nyekundu.
Si mali. Ada ya Mwajabu bado nadaiwa.
Ila jana mvua ilipiga usiku kucha
nami nikalala.
Asubuhi nikapima.

Tisa.
Bado tisa.