Kitabu cha Ubatizo, 1847

Mwanzoni majina yalifuatana kama vifaranga:
Felismina wa Jacinto, Jacinto wa Bernarda,
kila mmoja nyuma ya mzaziwe.
Mtunza nyaraka wa Horta akaniletea jalada la mwisho,
akalipuliza vumbi, akairudia kahawa yake.

Bernarda. Kaachwa usiku mlangoni pa watawa.
Baba: hajulikani. Mama: hajulikani.
Kitambaa cha buluu, kimechanwa nusu,
ili siku moja nusu ya pili ije imdai.

Basi ukoo wangu umeishia kwenye pindo la nguo.

“Alikuja mtu?” nikauliza.
Mtunza nyaraka akageuza ukurasa, akageuza tena.
Hakuna.

Ila pembeni, kwa mwandiko wa haraka,
padri kaongeza: *analia mno, kanisa zima limesikia.*

Felismina, mama yangu,
naye hakujua kulia kimyakimya.