Swali la Saba

Leicester, mvua ya Machi, madodoso mkobani.

Shule ya ada kubwa: Rupert akaniuliza
ugaidi nimeufasili vipi,
akajaza ukurasa, akaugeuza, akaendelea.

Shule ya serikali, nyuma ya kiwanda cha soksi:
wakacheka, wakaibiana majibu.
Kayleigh hakucheka.
Shangazi yake alikuwa kwenye treni ile.

Shule ya Kiislamu, ghorofani, chini duka la mazulia:
kalamu hazikuguswa.
Sumayya akanyoosha mkono.
"Majina yetu yataonekana?"
Hayataonekana.
"Na la shule je?"

Usiku nikahesabu, chai ikapoa.
Hapana, hapana, hapana,
shule zote tatu,
ungedhani mkono mmoja.

Ila hapana ya Sumayya imekandamizwa
hata swali la kumi,
ukurasa wa pili,
lina kovu.