Sahani ya Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi, Holzminden bado giza,
nafungua kabati la joto: nyuzi thelathini na saba,
joto la mwili wa mtu aliyelala salama.
Sahani zimekaa humo saa arobaini na nane.

Salmonela hawa tumewalemaza kwa makusudi.
Tumewapokonya ufundi mmoja:
hawajui kujitengenezea histidini,
nami, mpishi mchoyo, nimewapakulia ya kulamba tu.
Watakufa njaa kimya kimya,
isipokuwa kitu kiguse jeni zao,
herufi moja iteleze,
na aliyelemazwa ainuke, ale, azae
nukta nyeupe juu ya agari.

Muujiza huo ndio ninaouogopa.

Sampuli 417 ni ladha ya moshi,
moshi uliotegwa ukawa maji, meusi kama kahawa chungu;
kijiko kimoja chatosha beseni la soseji.
Nimeuchanganya na ini la panya lililosagwa,
maana kisichouma ulimini huweza kuota meno tumboni.

Baba alikuwa akikausha mikunga kwa moshi, kule Steinhude,
kuni za mwaloni, mlango wa bati, macho mekundu.
Jumamosi mafuta yalidondoka jivuni, chwii,
akanifungia mmoja katika gazeti la juzi:
“Shika mkia, Wiebke. Hakuumi tena.”
Koti lake lingali nyuma ya mlango wangu.
Sijalifua. Mwaka wa sita huu.

Sahani isiyotiwa kitu: nukta kumi na tisa.
Sawa. Hata bila sumu, maumbile hujikwaa.
Sahani ya kwanza ya moshi: mia moja thelathini na nane.
Ya pili: mia moja arobaini na moja.
Ya tatu naihesabu polepole, kalamu ikigonga kioo,
kama mtu anayehesabu deni la ndugu yake.
Mia moja hamsini na mbili.

“Labda umezichafua,” anasema Volkmar mlangoni,
funguo za gari zikimcheza kidoleni.
“Mteja anangoja. Rudia.”
Nitarudia. Kurudia ni kanuni, si hisani.
Lakini naandika kwanza, kwa wino, mbele yake:
*yabadilisha jeni*, na tarehe, na jina langu,
jina alilonipa yeye aliyenuka moshi.

Sahani si mtu, najua.
Nukta si ugonjwa, najua pia.

Jioni nilikula mkate na siagi.
Koti sikuligusa.
Nilifungua dirisha tu, baridi ikaingia,
kisha nikalifunga haraka,
harufu isije ikaisha.