Manjano Gizani

Nje, Nizwa inaungua. Nyuzi arobaini na sita,
paka kajibanza chini ya pikapu,
tende zinachuruzika asali mtendeni.
Humu ndani nimezima taa,
nimeziba ufa wa mlango kwa tambara,
kisahani nimekivika karatasi ya fedha
kama maandazi ya safari.

Vishimo tisini na sita,
kila kimoja kama punje ya dengu,
na ndani yake seli za titi la mwanamke
aliyefariki kabla sijazaliwa.
Nazilisha Jumapili na Jumatano.
Zinashiba, zinazaana,
hazijui kutosheka: ndiyo maradhi yenyewe.

Halati Zuwena alinipa manjano.
"Ya singo haya, mwanangu, si ya dukani,"
akacheka, kiganja kikiwa juu ya upande
ambao daktari wa Maskati aliuacha bapa.
Sikumwambia kuwa ya maabara
huja kwenye kichupa, unga wa kupimwa kwa pumzi,
bei yake mkufu.

Saa nne za giza. Kisha taa ya buluu, dakika chache.
Zilizopata manjano tu, ziliishi.
Zilizopata mwanga tu, ziliishi, zikanawiri.
Zilizopata vyote viwili,
kesho yake nilizikuta zimejikunyata,
zimebanduka kama chokaa ukutani.
Mhenna, mlinzi wa zamu, aliniuliza
kwa nini nimekaa sakafuni.

Alhamisi nikaendesha gari hadi Ibra.
Halati alikuwa anamenya vitunguu thomu,
kilemba kimelegea, nywele zinaanza kuchipua
laini kama za kifaranga.
Nilimweleza yote, vidole vikinitetemeka.
"Basi nipake unianike," akasema. "Jua tunalo."

Jua tunalo, kweli. Tunalo la kugawa.
Nikamwambia kisahani si mwili,
mwanga ule hauzami mbali nyamani,
bado panya, bado miaka,
labda kumi, labda isiwe.

Akamenya punje mbili, tatu.
"Sikuuliza lini.
Huyo mwenye titi, wa kisahanini,
kuna anayemrehemu?"

Sikuwa na jibu. Nikala, nikaosha vyombo,
nikarudi na harufu ya thomu mikononi.

Jumapili, kabla ya kuzima taa,
nilitafuta jina lake kwenye kichupa.
Palikuwa na herufi tatu na tarakimu moja.
Nilizisoma kwa sauti,
polepole,
kisha nikabonyeza swichi.