Divai ya Jumanne

Sinyora Ornella hanusi kitu tangu ile homa ya mwaka juzi.
Vitunguu vikiungua hajui,
gesi ikivuja hajui, ndiyo maana mtungi naufunga mimi.
Saa saba mchana hugonga meza kwa kijiko:
"Mwanate! Njoo na pua yako."

Naja nikifuta mikono kwenye leso.
Chupa ni ile ile, Barbera, bei yake ya kawaida,
anainunua kwa katoni pale dukani karibu na benki.
Si ya harusi, si ya wageni.
Mwenyewe huiita divai ya Jumanne,
hata ikiwa Ijumaa na Shela yote inaadhiniwa.

Nainama juu ya bilauri. Siigusi.
Nilimwambia siku ya kwanza, hakuuliza ya pili.
Lakini pua haina swaumu.
"Leo?"
"Leo zambarau. Zilizopondeka chini ya mti,
na kamba mpya ya katani,
na kwa mbali sanduku la mamangu, lile la mvule,
likifunguliwa."
Anafumba macho. Anakunywa maneno yangu kwanza,
ndipo anaipokea divai.

Hivyo nimejua inapatana na nani.
Tambi, na nyanya nilizoziacha kwa moto mdogo
hadi zikamaliza maji yao: hao ndugu.
Maini ya mbuzi na vitunguu: siku hiyo sahani inarudi
imefutwa kwa mkate, haina haja ya sabuni.
Changu wa kupaka, hapana,
anasema ni kama kulamba msumari.
Nazi inaifunga mdomo. Biriani linaigombeza.
Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
mimi sisifiwi, naambiwa tu: ongeza tambi.

Kisha alilazwa Mombasa, wiki saba.
Chupa moja ikabaki jikoni, kizibo kimelegea,
na joto la Machi linavyokuwa.
Akarudi shingo nyembamba kama ya kuku wa mvua,
akaitaka hiyo hiyo. "Hatumwagi kitu humu."
Nikanusa. Ikanichoma hadi machoni.
Nikaitazama ile shingo.
"Zambarau," nikasema.

Akapiga funda. Akakunja uso kama mtoto wa kwinini.
"Muongo wewe! Ulimi haujafa!"
Tukacheka mpaka akashika mshono.

Nikaichukua chupa. Hakuna mkono ulioitia kitu,
imejigeuza yenyewe, ni siki,
na siki tulisomeshwa chuoni kuwa ni kitoweo chema.
Nikakata kitunguu, nyanya, pilipili mbichi,
nikamiminia, nikaleta na maini.
Nikavuta kiti.
Miaka kumi na mmoja namsimulia,
sasa ananitazama mimi mdomo.

"Vipi?"
"Kali."
Nikaonja tena, taratibu.
"Na zambarau... ipo."
"Muongo," akasema, akachovya mkate.