Pale Anapofumba Midomo

Watu wa Dodoma wanadhani ni mtindo.
Vinyozi wa Chang'ombe wanauiga, mashine mkononi:
wakifika ubeti wa tatu wanafumba midomo,
wanavumisha puani, mmmm, kama yeye,
kisha wanacheka, wanarudi kwenye kichwa cha mteja.

Mimi sicheki.
Mimi najua kilicho chini ya ule mvumo.

Nyemo ni mdogo wangu, tumepishana miaka sita.
Alianza na zeze la babu, uzi mmoja umekatika,
akaunga kwa waya wa breki ya baiskeli.
Likawa linakohoa.
Akasema, basi na likohoe, mradi lisitoke nje ya wimbo.

Rekodi ya kwanza aliifanyia stoo ya mjomba Mbeleje, Nkuhungu,
katikati ya magunia ya alizeti,
godoro limesimamishwa mlangoni kuzuia upepo wa Julai.
Upepo wa kwetu hauombi hodi.
Sikiliza mwishoni kabisa, utausikia ukigonga bati.
Hakuufuta. Alisema huyo naye ni mpiga ngoma,
tena halipwi.

Nyimbo aliziuza kwenye memori kadi, elfu mbili mbili,
Kibaigwa, kati ya wapakia mahindi.
Siku nyingine alirudi na elfu nne na kifua cha vumbi.
Mama alimtengea mlenda, hakuuliza kitu.

Halafu ule wimbo.

Mwaka ule mvua ilikata Februari.
Zabibu zetu za Hombolo zilikauka zingali kama kunde,
nami nilirudi toka wodini mikono mitupu,
maziwa yakilowesha kanga
isiyokuwa na wa kubebwa.
Watu walisema pole.
Walipomaliza pole wakasema utapata mwingine,
kama mtu aliyepoteza ndoo.
Nyemo hakusema. Alilala mkekani, miguuni pangu, siku tisa.
Ya kumi akauliza: alikuwa na jina?
Nikamtajia. Sikioni. Mara moja tu.

Sasa unapigwa saluni za Majengo,
unapigwa kwenye bajaji, kwenye malori ya Singida,
na dereva mwenye shingo kama kinu
nimemwona akifuta macho kwa risiti ya mafuta.
Nilikasirika, sitaficha.
Nilimwambia: umeuza msiba wangu.
Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua uso.
"Nimeuza vyote, dada. Jina sijauza."

Walikuja watu wawili toka Dar, gari jeupe,
wakafuta kiti kwanza ndipo wakakaa.
Walitaka ngoma ziongezwe, zeze lipunguzwe,
na pale penye mvumo patiwe neno,
neno la watu kushika, walisema,
"mpenzi," kwa mfano.
Nyemo alisikiliza mpaka mwisho.
Akawanawisha, akawalisha, akawasindikiza hadi kwenye gari,
na ile karatasi yao ikabaki mezani
mpaka kuku alipoichukua.

Jumamosi iliyopita, ukumbi wa Makole,
viti mia tatu vya kukodi.
Tiketi alizigonga mhuri mwenyewe, usiku kucha,
kidole gumba kikawa cha zambarau.
Nilikaa nyuma, karibu na jenereta,
nikijiambia nitatoka kabla ya ubeti wa tatu.
Sikutoka.

Alifumba midomo.
Na ukumbi wote ukafumba:
mama wa kwaya, vijana wa chuo, askari aliyevua kofia,
muuza karanga na sinia lake kichwani.
Watu mia tatu wakambeba mwanangu, hawamjui,
wakamtikisa taratibu, kushoto, kulia,
kama anayelazwa.

Mdomo mmoja ulifunguka.
Sikuutuma.
Jina likatoka, dogo, likapita juu ya viti.

Msichana wa kando yangu akanigusa goti,
akaninong'oneza kwa upole kabisa:
"Umekosea, dada. Hapo hapana neno."