Kuuzunguka Ukuta wa Chester kwa Goti Moja na Nusu

Nilipanda ngazi za lango la saa
saa tatu na dakika kumi, tikiti ya treni mfukoni,
na binti yangu Elinami kwenye simu:
"Mama, kuna basi la watalii. Lina viti."
Nikamwambia kiti ninacho nyumbani, Machame.
Nimekikalia miaka minne tangu nistaafu
na hakijanionyesha kitu.

Njia ya juu inatosha watu wawili wasiogombana.
Kushoto, ua wa mtu: shuka zimeanikwa,
paka juu ya banda la baiskeli,
mzee anamenya viazi dirishani.
Kulia, mfereji chini sana, maji meusi, bata wawili.
Waliojenga walitaka kumwona adui.
Mimi naona viazi.

Kwenye mnara wa pembeni wanasema mfalme alisimama hapa
akatazama jeshi lake likishindwa.
Sawa. Ila mimi nimezalisha miaka thelathini na minane,
nina maswali mengine:
mji ulipozingirwa, malango yamepigwa makomeo,
nani alishikwa na uchungu usiku ule?
Nani alichemsha maji, na kuni zilitoka wapi?
Niliweka kiganja juu ya jiwe
kama juu ya tumbo la miezi saba.
Baridi.

Ukuta niliouogopa haukuwa huu.
Ulikuwa wa kioo, Dar es Salaam,
una tundu la kupitishia karatasi,
na kijana nyuma yake alitaka taarifa za benki za miezi sita
na sababu ya mimi kurudi kwetu.
Mara ya kwanza walininyima.
Mara ya pili niliandika: nina migomba.
Huu wa mawe malango yake yako wazi,
hata njiwa haulizwi.

Pembe ya magharibi treni ilipita chini ya miguu yangu.
Jiwe likatetemeka, goti likaitikia.

Kwenye benchi, juu ya uwanja wa mbio za farasi,
nilimkuta Glenys, miaka sabini na tisa, fimbo mbili.
Yeye nyonga ya kulia ni ya chuma.
Mimi goti la kushoto bado ni langu, ila nusu.
Tulionyeshana makovu
kama watoto wanavyoonyeshana gololi.
Kila Alhamisi huzunguka, alisema,
tangu daktari amwambie apumzike.
Farasi hawakuwepo. Nyasi tu,
na mtu wa trekta akizikata.

Mbele mafundi walikuwa wamefunga nusu ya njia.
Mmoja alishindilia chokaa katika ufa
kwa mwiko mdogo kama kijiko cha uji.
Nilicheka peke yangu, Glenys akataka kujua.
Kwetu, nikamwambia, usipoziba ufa utajenga ukuta;
ninyi ukuta mnao tayari, na bado mnaziba.
Nami naziba: kila alfajiri mguu juu ya mto,
nahesabu ishirini, nashusha, nahesabu tena.

Halafu zile ngazi za kuombea, karibu na mto Dee.
Desturi, alisema Glenys: panda mbio, shuka, panda tena
bila kuvuta pumzi, utapata uombalo.

Bila kuvuta pumzi!
Mimi, niliyewaambia wanawake wasiohesabika
pumua, mama, pumua,
leo nibane?

Nilipanda mara moja tu,
nikipumua kwa sauti kila kidato,
vile vile nilivyowafundisha,
na kufika juu
nilikuwa nimesahau kuomba.

Lango la saa tena. Saa tano kasorobo.
Elinami: "Umefika wapi?"
"Mwanzo."
"Bado hujaanza?"

Glenys hakusimama kuaga.
Fimbo zake, tak, tak, zilishaelekea upande wa kanisa kuu.
Nilipandisha mguu kwenye ukingo,
nikakaza kamba za viatu.
"Nitakupigia," nikamwambia mwanangu,
"kuna mtu ananiacha."